Walinzi wa Mikanda

Mwaka 1952, miaka kumi kabla ya kuwa waziri mkuu, Rashidi Kawawa aliigiza katika Muhogo Mchungu, filamu ya mshamba anayetapeliwa Dar es Salaam. Ilikusudiwa kufunza. Mimi, kusema kweli, hutazama walio nyuma ya waigizaji: wapita njia, baiskeli, kanga za wakati ule. Kamera haikuwaalika, lakini imewahifadhi.

Majengo nayo hupotea: Soko la Kariakoo jijini humo, lile la enzi ya Wajerumani, lilibomolewa, na miaka ya 1970 likajengwa lile la msanifu majengo Beda Amuli. Anayetaka kuliona la zamani likiwa na watu wanaotembea hana budi kuwategemea watunza filamu. Kazi yao ngumu! Joto na unyevu wa pwani huozesha mkanda hadi unanuka siki. Hufungua mkebe, wakanusa, wakausafisha mkanda, kisha wakauhamishia kwenye kompyuta picha moja moja. Dakika kumi tu ni picha 14,400. Hongereni sana. Ombi langu ni moja: mikanda hiyo ionyeshwe Kariakoo kwenyewe, wazee wa Gerezani na Ilala wakae mbele, watutajie majina ya wale wapita njia.