Farasi Moja, Vichwa Viwili

Tukiona picha ya mukubwa wa jeshi juu ya farasi, macho yetu yanakimbilia uso. Tunaanza kusema: huyu alikuwa mukali, huyu alikuwa na roho ngumu. Mimi naleta hapa picha moja yenye inaharibu kabisa ile njia ya kusoma.

Ni picha ya Oliver Cromwell wa Uingereza, yenye Mfaransa Pierre Lombart alichonga ku bamba la shaba katika miaka ya 1650, ili ichapwe ku karatasi mara nyingi. Cromwell amevaa mavazi ya chuma, ameshika fimbo ya ukamanda, kijana mtumishi amesimama pembeni. Mutu anaweza kusema: njo yeye kabisa! Juu Cromwell alipata jina kwa kuongoza askari wa farasi. Pale Marston Moor mwaka 1644, na Naseby mwaka 1645, hao askari njo walisaidia sana kuvunja jeshi la mfalme Charles I.

Lakini ile farasi haikuwa yake. Lombart alifuata picha ya rangi ya Van Dyck ya mwaka 1633, na mule mwenye kukaa juu ya farasi ni Charles I mwenyewe! Yule yule mwenye alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na Cromwell alikuwa kati ya watu waliotia sahihi ku amri ya kumuua.

Cromwell akafa mwaka 1658, ufalme ukarudi mwaka 1660. Bamba nalo likageuka: wakakwangua shaba pale penye uso, wakailainisha, wakachonga uso wa Charles I. Farasi ile ile, mwili ule ule. Kuna hata nakala zenye hazina kichwa, ni nafasi tupu tu juu ya shingo.

Najua kuna mwenye ataniambia: wee, ile ni biashara tu, shaba iko bei, na kuchonga bamba jipya ni kazi ndefu. Kweli. Lakini biashara haiendi bila munuzi. Kama munuzi alikubali uso mwingine juu ya mwili ule ule, basi alikuwa ananunua kiti, hapana mutu.

Kwa kazi ya mikono, namupa Lombart heshima: kutoa ngozi ya farasi na mwangaza wa chuma kwa mistari tu, si muchezo. Kama picha ya kutujulisha Cromwell, naona imeshindwa. Na pale pale penye imeshindwa, njo inasema ukweli. Wale watu waliondoa mfalme, lakini walipotaka kuonyesha ukubwa wa mtu, walikosa mufano mwingine, wakarudia ule wa mfalme. Cromwell alikataa taji mwaka 1657; ndani ya picha, walikuwa wameshamukalisha ku farasi ya mfalme.

Njo maana naomba tusome hizi picha kwa namna ingine. Funika uso kwa kidole, kisha uliza: huu mwili ulikuwa wa nani mbele? Nani anasimama chini kwa miguu? Na kama kesho wanabadilisha kichwa, kuna kitu gani kingine ndani ya picha kitabadilika?