Sauti ni Amana

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuliona jina la Maria Callas katika kurasa hizi. Bibi huyu alikuwa Mkristo wa asili ya Kigiriki, na kazi yake ilikuwa kuimba opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao wachezaji wake huyaimba maneno badala ya kuyasema. Sauti yake ilikuwa ile iitwayo soprano, ya juu kuliko sauti zote za wanawake. Ama hukumu ya sheria yetu juu ya mwanamke kuimba mbele ya wanaume yajulikana, wala sikukusudia kuirudia hapa. Nililokusudia ni kuipima kazi yake, kwani ndani yake mna mafunzo mawili: moja latuaibisha na la pili latutisha. Na yote mawili yatuhusu sisi wenye watoto madrasani.

Alizaliwa New York mwaka 1923. Mama yake alipotambua kuwa mtoto ana sauti, alimshika akaimbe angali mdogo, na mwaka 1937 akaenda naye Athens, Ugiriki, akasome. Huko alipata mwalimu wa Kihispania, Elvira de Hidalgo. Msichana huyu hakuwa akija kwa somo lake kisha akaenda zake. Alikaa kutwa akiyasikiliza masomo ya wanafunzi wenziwe, wazuri na wabovu, akiamini kwamba hata katika kosa la mwenzio kuna la kujifunza.

Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa Venice, Italia, akiimba mchezo mzito wa Kijerumani wa Wagner. Mwimbaji mwengine akaugua, na Callas akatakiwa ashike nafasi yake katika mchezo wa Bellini, ambao wataka sauti nyepesi, ya kupanda na kushuka upesi. Ni kama kumwambia mchukuzi wa magunia akafume kofia. Alijifunza nafasi hiyo kwa siku chache tu, akaiimba, na watu wakabaki vinywa wazi. Mwaka 1951 alifungua msimu wa La Scala, Milano, jumba lenye heshima kubwa katika fani hiyo. Na ifahamike kwamba waimbaji hawa hawatumii kipaza sauti. Nyuma yao hupigwa ala makumi kwa makumi, na sauti ya mtu mmoja yapasa ipenye zote, imfikie aliyekaa nyuma kabisa.

Hili ndilo la kutuaibisha. Yeye alijichosha hivi kwa ajili ya maneno ya mchezo wa kuigiza. Sisi tuna maneno ya Mola wetu, na makhraji ya herufi tumeyapokea kwa walimu kutoka kwa walimu. Lakini mwanafunzi wetu akisha kuhitimu Juzuu Amma hujiona amefika, na akisahihishwa hununa.

Sasa tulitazame la pili. Tarehe 2 Januari 1958 aliimba Roma, na Rais wa Italia mwenyewe alikuwa amehudhuria. Callas alikuwa mgonjwa, sauti ikamkatalia, akaondoka baada ya sehemu ya kwanza ya mchezo. Watu walewale waliokuwa wakimpigia makofi walighadhibika, na magazeti yakamrarua. Hawakuuliza hali yake, kwani hawakuwa wakimpenda yeye. Walikuwa wakiipenda sauti. Baada ya hapo sauti ilizidi kulegea, na sababu yake yabishaniwa mpaka leo. Mara ya mwisho kucheza opera ilikuwa London mwaka 1965, naye ana miaka 41, umri ambao mwalimu wa madrasa ndiyo kwanza aanza kukomaa. Alifundisha kidogo New York, akarudi kuimba katika safari ya mwaka 1973 na 1974 na sauti iliyochakaa, kisha akajifungia Paris. Huko alifariki Septemba 1977, akiwa na miaka 53.

Mama yake je? Walikuwa wamekwisha kufarakana siku nyingi, na mwaka 1960 mama alitoa kitabu juu ya binti yake. Callas naye alilalamika kwamba utoto wake uliliwa na kuimba.

Wengi waliomwandika wametushughulisha na matajiri aliosuhubiana nao na ugomvi wa jukwaani. Hata filamu iliyotolewa mwaka 2024 imechagua kuonyesha wiki yake ya mwisho. Kwa maoni yangu huko ni kumdhulumu. Ukiiacha kazi yake ukashika uvumi, wafanya yaleyale yaliyofanywa na watu wa Roma.

Mtume wetu (S.A.W.) aliisifu sauti ya Abu Musa al-Ash'ari katika usomaji, akaifananisha na neema aliyopewa Nabii Daud. Kwa hiyo sauti nzuri si aibu, ni amana. Lakini katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume ametuonya pia kwamba miongoni mwa watakaohukumiwa mwanzo ni aliyesoma Qur'ani ili aitwe msomaji. Ataambiwa kwamba hilo limekwisha kusemwa. Maana yake, ujira wake ameupokea duniani, na ujira wenyewe ni makofi.

Nimefundisha watoto miaka mingi, na nitalisema lililo langu. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye sauti ya kuliza watu. Mwaka hadi mwaka tulimpeleka katika mashindano ya Ramadhani, akarudi na zawadi, na baba yake akazipanga sebuleni. Alipobaleghe sauti ikavunjika. Hakualikwa tena maulidini wala mashindanoni. Mwaka haukwisha, akaacha kuufungua msahafu. Aliona alichokuwa nacho kimekwisha, kwa kuwa hatukumfundisha kwamba ana kingine. Mimi mwalimu wake nilikuwa wa kwanza kumsifu, na sikumbuki siku moja niliyomuuliza maana ya alichokisoma.

Sisemi mashindano yavunjwe, kwani yamewatia hima watoto wengi. Nasema, enyi wazazi, msimfanye mtoto kuwa koo tu. Akishuka jukwaani, muulizeni amefahamu nini kabla ya kuuliza amekuwa wa ngapi. Na sauti ikimkatika, mfanyeni asome vivyo hivyo kwa sauti ya kukwaruza, nanyi kaeni mumsikilize kama mlivyomsikiliza zamani.

Wabillahi tawfiq.