Pete Imfuate Kito

Zipo pete za fedha zenye tanzanaiti ambazo, nizitazamapo, naona zimetengenezwa kinyume. Sonara alianza na kikalio cha umbo la yai, kisha akalisaga jiwe mpaka likaenea. Kumbe fedha safi ni laini: ukanda wake mwembamba hukubali kuzunguka kila pembe na kila bonde la jiwe. Jiwe halipindi. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Merelani mwaka 1967, hupasuka ikibanwa kwa nguvu, na kilichosagwa hakirudi. Fundi hodari hulipima jiwe kwanza, akalikunjia ukanda wake, kisha akaukandamiza pole pole, upande huu na upande unaoelekeana nao. Pete ya namna hiyo haina pacha. Kwangu mimi, hiyo ndiyo inayostahili kuitwa kazi ya mkono.