Ufundi wa Kufundisha Lugha ya C

Miongoni mwa kazi za ualimu ambazo hudharauliwa kwa kuwa hufanywa na wengi, kazi ya kumwingiza mwanagenzi katika lugha ya C inastahili kuhesabiwa kuwa ufundi kamili, maana humtaka mwalimu aijue lugha yenyewe na ajue pia ni kiasi gani cha ukweli anayeanza anaweza kukibeba kwa siku moja. C ni lugha ya programu, yaani utaratibu wa maandishi ambao binadamu huutumia kuipangia kompyuta hatua za kufuata, na maandishi hayo hayatekelezwi kama yalivyo, bali hugeuzwa kwanza kuwa amri za mashine na programu maalumu iitwayo kompaila. Ni lugha ndogo: katika usanifishaji wake wa mwaka 1989 maneno yake ya msingi yalikuwa 32 tu, na udogo huo umewafanya wengi waamini kwamba hufundishwa upesi.

Ugumu wake unatokana na mahali ilipozaliwa. Dennis Ritchie aliiunda mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell Labs, New Jersey, Marekani, akiiendeleza kutoka lugha ya B ya mwenzake Ken Thompson, na mwaka 1973 ikatumika kuandikia upya Unix, ambayo ni mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima na kuzigawia programu nyingine nafasi na zamu. Mashine ya PDP-11 waliyoanza nayo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu, kiasi ambacho leo hakitoshi kuhifadhi hata picha moja nzuri ya simu, na lugha iliyokusudiwa mazingira hayo haikuwa na anasa ya kumficha mwandishi wa programu jinsi kumbukumbu ilivyopangwa. Lugha nyingi zilizokuja baadaye, Python ikiwemo, humficha mwanafunzi mambo hayo kwa hiari ya lugha zenyewe, bila yeye kujua. Katika C anayeamua nini kifichwe, kwa muda gani, na kifichuliwe lini, ni mwalimu.

Uamuzi huo ulifanywa kwa ustadi mkubwa katika kitabu ambacho Brian Kernighan alikiandika pamoja na Ritchie na kikachapishwa mwaka 1978. Programu yake ya kwanza hutoa salamu tu kwenye skrini, na ya pili huchapa jedwali la joto kutoka nyuzi za Fahrenheit kwenda Selsiasi, kuanzia 0 hadi 300 kwa hatua za 20. Jedwali hilo ni jambo la kawaida mno, hata mtu aweza kulipita bila kulitazama, lakini ndani yake mna somo. Kanuni ya hesabu humtaka mtu atoe 32 kisha azidishe kwa tano kwa tisa, ila katika C namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili sehemu inayobaki hutupwa, kwa hiyo 5 ikigawanywa kwa 9 huwa sifuri, na mwanafunzi akiiandika sehemu hiyo peke yake ndani ya mabano atapata safu ndefu ya sifuri tupu. Katika toleo la pili la kitabu hicho waandishi walizidisha kwa 5 kwanza, wakagawanya kwa 9 baadaye, kisha wakaeleza sababu kwa maneno machache. Hivyo mwanagenzi hukutana mapema na ukweli kwamba namba za kompyuta si namba za darasa la hisabati, naye hukutana nao akiwa na kazi mkononi, bila hotuba yoyote. Vielekezi, yaani vigeu (nafasi zilizopewa majina za kuwekea thamani) vinavyohifadhi anwani ya mahali fulani katika kumbukumbu badala ya kuhifadhi thamani yenyewe, viliachwa hadi sura ya tano.

Kuahirisha, hata hivyo, si sawa na kudanganya, na hapa ndipo walimu hutofautiana. Anayetaka programu yake isome namba kutoka kwenye kibodi huambiwa aandike scanf, kisha atangulize alama ya & mbele ya jina la kigeu. Mwalimu mmoja husema kuwa ndivyo inavyoandikwa, basi. Mwingine husema kuwa alama hiyo ina sababu, kwamba inahusu mahali kigeu kilipo, na kwamba sababu hiyo itafika baada ya wiki kadhaa. Wote wawili wameficha, ila wa pili ameacha deni linalojulikana. Kibaya zaidi ni kufundisha njia rahisi ambayo ni ya uongo. Kwa miaka mingi wanagenzi walifundishwa kusoma mstari wa maandishi kwa gets, fanksheni (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina lake) nyepesi kutumia ambayo haikuuliza kamwe nafasi iliyotengwa ilikuwa kubwa kiasi gani, ikaendelea kumimina herufi hata nafasi ilipokwisha. Mnamo Novemba 1988 programu iliyotungwa na Robert Tappan Morris ilisambaa katika intaneti changa ya wakati ule, na mojawapo ya milango iliyoipitia ilikuwa huduma ya Unix iliyotumia gets. Fanksheni hiyo iliondolewa rasmi katika lugha mwaka 2011, na bado haijatoweka katika maelezo ya baadhi ya madarasa, jambo ambalo kwa kweli halina udhuru.

Mfano bora wa kuficha kwa uaminifu umo katika kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambako David Malan na wenzake huwapa wanafunzi aina ya data iitwayo string, inayowawezesha kushughulika na maneno tangu wiki za mwanzo. Aina hiyo haimo katika C. Ni jina lililotungwa na waalimu, na kozi ikifika kwenye somo la kumbukumbu huondolewa mbele ya darasa, ikaonekana kuwa tangu mwanzo ilikuwa kielekezi kwenye herufi ya kwanza. Tangu hapo neno huonekana lilivyo: herufi zilizopangwa mfululizo na kufungwa kwa baiti yenye thamani ya sifuri, ndiyo maana “chai”, yenye herufi 4, huhitaji nafasi 5.

Safu, yaani mfululizo wa thamani za aina moja zilizokaa pamoja, nayo huwatatiza wengi kwa kuanza kuhesabiwa kwenye sifuri. Msomaji wa Kiswahili ana msaada wa karibu: anayesema saa moja asubuhi anataja kwamba saa moja imekwisha kupita tangu kuche, na vivyo hivyo namba ya kipengele katika safu hutaja umbali wake kutoka mwanzo, kwa hiyo kipengele cha kwanza, ambacho hakijaenda umbali wowote, hupewa sifuri, na cha mwisho katika safu ya vipengele 10 hupewa 9. Anayegusa kipengele nambari 10 ametoka nje, na mara nyingi kompaila haitamwonya. Hapo mwalimu hushawishika kusema kuwa programu itaanguka. Haki ni kusema kwamba kanuni za lugha haziahidi lolote: programu yaweza kuanguka, yaweza kutoa takataka, na yaweza pia kutoa jibu sahihi leo na kukosea kesho.

Somo la kubadilishana thamani ndilo linalolipa deni la &. Mwanafunzi huandika fanksheni ya kubadilishana thamani za vigeu viwili, huiona ikifanya kazi ndani, kisha hukuta kwamba nje hakuna kilichobadilika, kwa kuwa C huipa fanksheni nakala za thamani, haiipi vigeu vyenyewe. Mwalimu mvumilivu hatoi jibu upesi. Huwataka wachore visanduku vya kumbukumbu kwa penseli na kufuata programu mstari kwa mstari, mpaka mmoja wao aseme kuwa fanksheni inahitaji kuambiwa mahali vigeu vilipo.

Kinachofuata, kuomba nafasi kwa malloc na kuirudisha kwa free, hufundishwa vibaya kuliko yote, kwa sababu programu isiyorudisha nafasi hutoa majibu yaleyale kama iliyo nadhifu. Zana kama Valgrind huonyesha nafasi iliyosahaulika wakati programu inaendeshwa, ila haielezi kwa nini mwandishi alidhani kuwa kazi ya kuirudisha ilikuwa ya fanksheni nyingine, na kwa ajili hiyo usahihishaji wa kazi za mwezi wa mwisho wa kozi hauna budi kufanywa na mtu, kalamu mkononi, akisoma programu ambazo zote zimekwisha kutoa jibu sahihi.