Kalibu, Chungu na Njia ya Joto: Uhakiki wa Istilahi Moja Yenye Maana Mbili

Paneli za sola zinazouzwa Kariakoo huonesha kwa macho namna silikoni iliyomo ilivyokuzwa. Seli zenye rangi moja iliyokolea na pembe zilizokatwa hutokana na fuwele moja. Zile za buluu zenye mabaka ya kumetameta hutokana na fuwele nyingi zilizogandana. Tofauti hiyo huanzia chomboni, na hapo ndipo Kiswahili kinapokwama. Kamusi hulipa neno kalibu maana mbili: chombo cha kuyeyushia madini, na umbo la kumiminia kilichoyeyuka ili kigande. Kwa mwanaisimu hiyo ni polisemia ya kawaida. Kwa mwanafizikia ni kasoro, kwa kuwa chombo cha kwanza huingiza joto na cha pili hulitoa.

Fundi anayesubu sufuria kwa aluminiamu chakavu hasumbuliwi na jambo hilo. Aluminiamu huyeyuka katika nyuzi 660 za Selsiasi. Chungu cha chuma hustahimili, na kalibu ya mchanga husubiri pembeni. Silikoni huyeyuka katika nyuzi 1414. Kwa mbinu ya Czochralski, iliyoanzia mwaka 1916, fuwele huvutwa juu kutoka katika chungu cha silika. Silika hupitisha joto kwa uvivu, na katika jotoridi hilo hulainika, hivyo hushikiliwa na bakuli la grafiti linalopokea joto la tanuri na kulisambaza. Aidha, ukuta wake humumunyika polepole na kuitia silikoni oksijeni. Kukiita chombo hiki kalibu ni kupotosha: fuwele haipati umbo lake humo.

Hata hivyo, kuifuta maana mojawapo kungekuwa pupa. Silikoni ya fuwele nyingi aghalabu huyeyushwa na kugandishwa katika chombo kilekile cha silika, kilichopakwa nitridi ya silikoni ili isinate. Joto hutolewa kupitia kitako, na fuwele huota kwenda juu. Silika hiyohiyo hupunguza joto linalovuja pembeni, jambo jema, lakini pia huchelewesha linalotoka kitakoni. Uvujaji wa pembeni ukizidi, mpaka baina ya yabisi na kimiminika hupinda, na fuwele huanza kuota kutoka ukutani. Hapo kalibu ni neno sahihi kwa maana zote mbili. Kwa Czochralski linafaa chungu, japo linanukia jikoni.