Uhamishaji wa Michezo ya Kompyuta kama Tafsiri: Suala la Mkono wa Mchezaji katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Riwaya na tamthilia za Kiswahili zina wahakiki wake. Mchezo wa kompyuta, ambao siku hizi unashindana na riwaya na tamthilia katika kuyajaza mapumziko ya vijana, bado umeachiwa watangazaji wa biashara na mashabiki. Kwa sababu hiyo mchezo husifiwa au kulaumiwa kwa uzuri wa picha zake, na swali la msingi zaidi huachwa kando: je, mkono wa mchezaji unaweza kutenda kile ambacho mchezo unautaka utende?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia michezo iliyohamishwa, yaani michezo iliyotungwa kwanza kwa ajili ya konsoli kama vile PlayStation au Xbox, kisha ikageuzwa ili ichezwe kwenye kompyuta. Mahali panapotumiwa kama kipimo ni mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940 hadi Buruburu na Umoja zilizoanza kujengwa katika miaka ya 1970, pamoja na Kayole na Dandora. Pahali hapo pamechaguliwa kwa sababu maalumu. Kijana wa Eastlands aghalabu hujifunza kucheza katika kibanda cha mtaani, ambako hulipia mechi moja moja na kushika kidhibiti kilichokwisha kushikwa na wengi kabla yake. Anapopata kompyuta nyumbani, mara nyingi huwa ni ile iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo, isiyo na kadi ya pekee ya michoro wala kidhibiti, ila kibodi na kipanya tu. Mkono uliofunzwa kwa chombo kimoja unatakiwa kufanya kazi kwa chombo kingine. Hapo ndipo ubora wa uhamishaji unapojaribiwa.

Dai la makala haya ni kwamba uhamishaji ni aina ya tafsiri, na hauna budi kuhakikiwa kwa vipimo vya tafsiri.

Mfasiri na Mhamishaji

Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1963. Mwaka 1969 alilitoa tena likiwa limesahihishwa, na hata jina la kitabu likapata sura ya Kiswahili zaidi, Juliasi Kaizari. Kazi hiyo inafundisha mambo mawili. Kwanza, mfasiri hakamilishi kazi yake kwa kuyabadili maneno tu. Anatakiwa kuifanya kazi iweze kusemwa na ulimi wa wale wanaopelekewa. Pili, tafsiri huweza kusahihishwa, lakini msomaji aliyelinunua toleo la kwanza anabaki nalo mkononi pamoja na kasoro zake.

Mambo hayo mawili yanauhusu uhamishaji moja kwa moja. Konsoli za aina moja hufanana. Anayeiandikia anajua nguvu ya mashine na idadi ya vitufe vilivyo mkononi mwa mchezaji. Kompyuta hazifanani. Mhamishaji huandikia umati asioujua, wenye mashine za nguvu mbalimbali na vyombo mbalimbali vya kuongozea. Mhamishaji mvivu huitoa kazi kama ilivyokuwa na kumwachia mpokeaji ahangaike nayo, sawasawa na mfasiri anayefuata neno kwa neno.

Katika uhakiki wa fasihi imekwisha kukubaliwa kwamba fani na maudhui hutenganishwa kwa ajili ya uchambuzi tu. Katika mchezo wa kompyuta muungano huo ni wa nguvu zaidi, kwa sababu namna ya kuongoza ndiyo fani yenyewe. Mchezo wa kandanda ambao mchezaji hawezi kuutoa mpira mguuni kwa wakati anaoutaka umepoteza maudhui yake, hata kama nyasi zimechorwa zikaonekana moja moja.

Alama na Kirejelewa

Kasoro ya kwanza inamhusu mwanaisimu kuliko mtu mwingine yeyote. Kidhibiti cha Xbox kina vitufe vinavyoitwa A, B, X na Y. Mchezo uliohamishwa bila uangalifu humwagiza mchezaji kwenye skrini abonyeze A, ilhali yeye ameshika kibodi. Kibodi nayo ina A yake. Mchezaji huibonyeza, na jambo lililotakiwa lisitokee, kwa kuwa A ya skrini inarejelea kitufe ambacho mezani hakipo. Alama ni moja, virejelewa ni viwili, wala hakuna muktadha wa kumwondolea mchezaji utata huo.

Mfano unaojulikana ni Dark Souls, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2012. Maagizo yake yaliendelea kuonyesha vitufe vya Xbox hata kwa mwenye kibodi, na picha zake zilichorwa ndani kwa kipimo kimoja kilichofungwa, bila kujali ukubwa wa skrini. Waliourekebisha kwanza hawakuwa wenye mchezo. Mchezaji aliyejulikana kwa jina la Durante alitoa programu ndogo iliyoviondoa vizuizi vya picha, nao wachezaji wengine wakatengeneza alama za kibodi. Ni kama wasomaji waliochoshwa na tafsiri mbovu wakaamua kuandika masahihisho pembeni mwa kurasa, kisha wakayasambaza.

Lahaja za Vidole

Hata kati ya wanaotumia kidhibiti cha aina moja, mazoea hayafanani. Katika michezo ya Pro Evolution Soccer ya kampuni ya Konami, mpangilio wa kawaida kwenye PlayStation ulikipa kitufe cha mraba kazi ya kupiga shuti, na cha duara kazi ya kupiga krosi. Michezo ya FIFA ya kampuni ya EA Sports ilivipanga kinyume: duara ni shuti, mraba ni krosi. Aliyelelewa na mmoja kisha akahamia mwingine hupiga krosi mbele ya goli lililo wazi, na shuti akiwa pembeni kabisa mwa uwanja.

Jambo hili si geni kwa wanalugha. Mvita akisema "ndoo" anamwita mtu aje. Muunguja akisikia neno hilo huenda akaleta chombo cha kutekea maji. Hakuna aliyekosea lugha. Kila mmoja anazungumza lahaja yake kwa ufasaha, na kinachohitajika ni kufahamiana. Kwa bahati nzuri, michezo ya FIFA iliweka pia mpangilio wa pili uliowafaa waliotoka upande wa pili. Huko ni kukiri kwamba kuna lahaja za vidole, na kwamba lahaja haifutwi kwa amri.

Katika kibanda cha mtaani suala hili lina gharama. Muda wa mechi umelipiwa, na anayeshindwa aghalabu humpisha anayengoja. Mchezaji anayehitaji dakika moja ya kubadilisha mpangilio wa vitufe huonekana mchelewaji, na asipoubadilisha huonekana mchezaji duni. Eastlands ndiko wataalamu wengi wanakokutaja kuwa kitovu cha Sheng, na vijana wa huko wamezoea kuhama kutoka msimbo mmoja hadi mwingine kwa wepesi mkubwa. Wepesi huo wanauhamishia kwenye vidole, lakini haifai kuwa sababu ya mhamishaji kuukwepa wajibu wake.

Kibodi, Kipanya na Kijiti

Wako wanaoshikilia kwamba kidhibiti ndicho chombo halisi cha kuchezea, na kwamba mwenye kibodi hana haki ya kulalamika mpaka anunue kinachostahili. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kitufe cha kibodi kina hali mbili tu, kubonyezwa na kuachwa, na vitufe vinne vya mwelekeo huzaa pande nane. Kijiti cha kidhibiti hupinda kidogo au sana, kuelekea upande wowote. Katika kandanda, mchezaji mwenye kijiti anaweza kuukokota mpira kwa mshazari mwembamba ambao mwenye kibodi haupati.

Hata hivyo hoja hiyo inavunjika inapofanywa kuwa kanuni ya michezo yote. Kipanya huonyesha mahali penyewe panapotakiwa. Kijiti huonyesha upande na mwendo, na mchezaji hungoja alama ifike. Kwa hiyo katika michezo ya kulenga shabaha na ile ya kuongoza majeshi, kipanya hutangulia. Katika michezo ya mapigano kama Tekken 7, uliohamishiwa kompyuta mwaka 2017, vitufe vya kibodi vinatoa maelekezo safi yasiyochanganyikana, na wapo wanaovipenda kwa sababu hiyo hiyo. Chombo kinapimwa kwa kazi yake.

Grand Theft Auto: San Andreas ni ushahidi mzuri wa pande zote mbili. Kwenye PlayStation 2, mwaka 2004, ulengaji ulisaidiwa na mashine iliyomkamata adui kwa ajili ya mchezaji. Toleo la kompyuta la mwaka 2005 lilimpa mchezaji uhuru wa kulenga kwa kipanya. Mhamishaji aliliacha neno akaifuata roho, na mapigano yakapata maana mpya. Lakini mchezo huo huo uliyaweka maelekezo ya pekee, kama yale ya kuinua na kushusha magari ya mashindano, kwenye tarakimu za pembeni mwa kibodi. Kompyuta nyingi za mapajani hazina tarakimu hizo. Mwenye kompyuta kama hiyo aliweza kuendelea kwa sababu tu mchezo uliruhusu vitufe vipangwe upya. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoiokoa kazi.

Mfano wa FIFA unaeleza mengine. Kwa miaka kadhaa hadi FIFA 10 ya mwaka 2009, mnunuzi wa toleo la kompyuta hakupata mchezo ule ule uliotangazwa kwa konsoli mpya. Alipata uliojengwa juu ya misingi ya zamani, kwa jina lile lile. FIFA 11 ya mwaka 2010 ndiyo iliyoileta misingi ya konsoli za wakati ule kwenye kompyuta. Pengo lilirudi mwaka 2013 kwa FIFA 14, likazibwa mwaka uliofuata. Pamoja na hayo, toleo la kompyuta la FIFA 09, lililokuwa duni kwa misingi yake, lilikuwa limejaribu kuongoza kandanda kwa kipanya. Jaribio hilo halikushika mizizi, lakini lilimfikiria mtu aliyeketi mbele ya kompyuta jinsi alivyo.

Masahihisho na Gharama Yake

Mwaka 2015 toleo la kompyuta la Batman: Arkham Knight liliondolewa sokoni mwezi Juni, muda mfupi baada ya kutolewa, kwa sababu ya ubovu wake. Lilirudishwa mwezi Oktoba. Mwaka 2023 The Last of Us Part I nao ulitolewa kwa kompyuta ukiwa na kasoro nyingi, ukafuatiwa na masahihisho mengi. Watetezi wa desturi hii husema kwamba hakuna kilichoharibika, maadamu masahihisho hutolewa bure.

Masahihisho hayafiki bure Kayole. Hufika kwa intaneti, na intaneti hulipiwa. Faili la masahihisho likiwa kubwa, mnunuzi wa vifurushi vidogo vya simu hulipia kasoro ambayo hakuifanya. Vilevile mchezo mpya unaodai saa nzima ya kuziandaa picha kabla ya kuanza unautumia umeme uliokwisha kununuliwa kwa tokeni. Kwa mpokeaji wa aina hii toleo la kwanza ndilo toleo lenyewe, kama vile kitabu cha mwaka 1963 kilivyobaki kuwa kitabu kwa mtu ambaye kile cha mwaka 1969 hakikumfikia.

Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, vipimo vinne vyafaa kutumiwa katika kuhakiki mchezo uliohamishwa. Je, alama za skrini zinalingana na chombo kilicho mkononi? Je, kila kitufe kinaweza kupangwa upya? Je, mchezo unakwenda kwenye kompyuta ya kawaida kwa kupunguza picha pasipo kupunguza utii wa vitufe? Je, toleo la kwanza linajitosheleza? Uzuri wa picha ufuate baada ya maswali hayo kujibiwa. Mhakiki anayeanza na picha huihakiki mashine yake mwenyewe, naye huwahukumu wachezaji wa mitaani kuwa ni wazito ilhali uzito umo katika tafsiri.

Liko pia jukumu la idara za lugha. Mwaka 2005 mchezo wa kompyuta wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin; mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Hata hivyo mchezaji aliyeusikia wimbo huo na kuingia ndani ya mchezo hakupata orodha ya maagizo hata moja kwa Kiswahili. Lugha ilikaribishwa mlangoni iimbe, haikupewa kiti. Kuunda istilahi za kidhibiti, kijiti, mpangilio wa vitufe na uhamishaji wenyewe ni kazi ndogo ikilinganishwa na zile ambazo Kiswahili kimekwisha kuzifanya katika sheria na sayansi. Istilahi hizo zikipatikana, kijana wa Dandora ataweza kueleza kwa lugha yake ni wapi hasa mchezo ulipomwangusha, na mhamishaji hatakuwa na nafasi ya kudai kwamba kosa ni la mkono.