Mchezo uliouzika ukafungwa: nani anabaki na mbegu?

Ndugu na dada wa promosheni zote, wenye wanafanya kazi na wenye bado wanatembeza madosiye, leo siandiki juu ya mbolea wala bei ya maharagi pale soko la Virunga. Nataka tuongee juu ya mchezo wa mezani. Msikimbie. Mchezo wenyewe uliuzwa Uingereza mwaka 2008, lakini ile iliyoupata njo ile inayotupata hapa Goma kila wakati mradi fulani unapofunga ofisi.

Kwanza tuelewane. Kuko michezo ya mezani ambayo watu wanne ao watano wanakaa pamoja, kila mmoja anachukua mtu wa kubuni, anasema huyo mtu anafanya nini, na dadu zinaamua kama atafaulu. Mmoja kati yao anaongoza hadithi. Haihitaji umeme, haihitaji megabaiti: karatasi, kalamu, dadu na mdomo. Kwa Kifaransa ni jeu de rôle. Wengi wetu jina hilo tulilisikia kwenye ateliye za ma-ONG, pale mwezeshaji anapokuambia: wewe leo ni mufugaji, wewe ni mulimaji, mwenzenu ni chefu wa kijiji, tatueni shida ya ng'ombe walioingia shambani. Ni familia moja. Tofauti ni kwamba Ulaya na Marekani watu wanaicheza kwa furaha, na kuko makampuni yanayoishi kwa kuuza vitabu vya kanuni zake.

Games Workshop ya Nottingham ni kampuni kubwa ya vinyago vya vita. Mwaka 1986 ilitoa mchezo wa aina hii, Warhammer Fantasy Roleplay. Baadaye iliuachilia kwa mchapishaji mwingine, kisha ikaurudisha nyumbani kupitia tawi lake lililoitwa Black Industries, ambalo lilitoa toleo la pili mwaka 2005. Mwezi wa kwanza 2008 tawi hilo likatoa mchezo mpya, Dark Heresy, ambao wapenzi walikuwa wameungoja kwa miaka. Nakala za kwanza zilikwisha upesi. Siku chache tu baadaye, mwezi haujaisha, kampuni ikatangaza kwamba inafunga Black Industries. Sababu yao: wanataka nguvu zote ziende kwenye riwaya, juu riwaya ndizo zinawaingizia vizuri.

Someni tena. Mchezo haukufungwa juu ulishindwa. Uliuzika, na bado ukafungwa.

Je, ulikuwa mchezo mzuri? Hapo niseme wazi, juu kulilia kitu kibaya ni kupoteza machozi. Kwa upande wangu, Warhammer Fantasy Roleplay ni kati ya michezo michache ya aina hii ambayo mtu wa Kivu anaweza kuifungua na kujiona ndani. Michezo mingine inakufanya shujaa tangu ukurasa wa kwanza: uko na upanga, uko na uchawi, unasaka joka. Huu unakupa kazi ya mtu wa kawaida. Unaweza kuanza kama mkamata panya na kambwa kake, mvushaji watu mtoni, mchoma makaa ao mkulima. Uwezo wako unaandikwa kwa asilimia. Ukiwa na 31, unatupa dadu mbili za nyuso kumi, na zisipotoa 31 ao chini yake, umeshindwa. Yaani unashindwa mara mbili kwa kila tatu. Unapanda kazi kwa kazi, polepole, na ugonjwa ao jeraha moja baya linaweza kukumaliza kabla ya kufika popote. Sidhani kama kuna mwenye lisanse hapa Goma anayehitaji kuelezewa hiyo kanuni.

Dark Heresy ilichukua mashine ileile ikaipeleka kwenye nyota. Pale wewe si mkubwa. Wewe ni mtumishi wa mkubwa fulani aliye mbali, anayekutuma sehemu ya hatari na ordre de mission mkononi, bila gari na bila pesa ya kutosha, na ukifa anatuma mwingine. Huo ndio uzuri wake: inaonyesha mamlaka kutoka chini, kwa macho ya yule anayebeba mzigo.

Kasoro zake ziko. Watu wa kuanzia ni dhaifu kiasi kwamba vita kati ya wawili inaweza kuwa robo saa ya kukosana tu, huyu anapiga hewa na yule anapiga hewa. Majedwali ya majeraha ni marefu. Na ule ulimwengu wake wa giza unapenda ukatili kupita kiasi. Kwa sisi ambao hatuhitaji kufungua kitabu ili tujue vita ni nini, kurasa zingine zinachosha. Lakini kwa ujumla ilikuwa kazi yenye akili, na waliotengeneza walijua wanachosema.

Sasa, kampuni ilikosea? Wengi wa wapenzi walisema ndiyo, ni tamaa. Mimi sikubali haraka hivyo. Kampuni ni kama mkulima mwenye hektari moja: akiona kabichi inalipa kuliko karoti, ataing'oa karoti hata kama karoti haijamkosea kitu. Mchezo wa aina hii uko na ugonjwa wake wa kibiashara. Kikundi cha watu watano kinanunua kitabu kimoja na kucheza miaka kumi. Riwaya kila mmoja ananunua yake, akimaliza anataka nyingine. Kwa hesabu ya duka, uamuzi ulikuwa na akili.

Shida yangu iko pengine: nini kilibaki mikononi mwa wachezaji? Jibu, kwa sheria, ni kidogo sana. Vitabu walivyokwisha kununua, basi. Kanuni, majina na ulimwengu wote vilibaki mali ya kampuni. Bahati ikawa nzuri: mwaka huohuo 2008 Fantasy Flight Games ya Marekani ilipewa leseni, ikaendeleza Dark Heresy na kuizalia wadogo kama Rogue Trader na Deathwatch. Lakini ule wa zamani, wa mkamata panya, waliufanyia toleo la tatu mwaka 2009: sanduku la karibu dolari 100, limejaa kadi na dadu za alama za pekee. Bila zile kadi na zile dadu, huchezi. Mchezo wa karatasi na kalamu ukawa mchezo wa vipuri. Mwanzo wa 2017 leseni ikaisha, nao wakaacha kuuza. Na mwaka 2020 kitengo cha michezo ya nafasi cha Fantasy Flight chenyewe kikavunjwa, michezo iliyobaki ikapelekwa studio nyingine ya kundi lilelile la Asmodee. Aliyekuja kuokoa naye alifunga mlango.

Hapa njo agronomia inanisaidia kufikiri. Tulifundishwa wote: mahindi ya hibridi yanazaa vizuri msimu wa kwanza, lakini ukipanda mbegu zake mwaka wa pili, shamba linavurugika, huyu mrefu yule mfupi, mavuno yanashuka. Inabidi urudi dukani. Siku kampuni inaacha kutoa ile mbegu, wewe umekwisha. Maharagi ni hadithi nyingine. Yanajichavusha yenyewe. Mama wa Masisi anachagua yaliyo mazuri, anayahifadhi kwenye majivu, na msimu unaofuata yanatoka yaleyale. Aina fulani inaweza kuwa imetoka kituo cha INERA Mulungu, kwa pesa ya mfadhili ambaye aliondoka zamani. Mama hajui na hana haja ya kujua. Mbegu iko kwake.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila kazi, iwe mchezo ao mradi, si tu kama inazaa. Ni hili: mwenye nayo akiondoka kesho, itaota tena bila yeye?

Toleo la pili lilikuwa karibu na maharagi: kitabu kimoja, dadu za kawaida, mtu yeyote anaweza kuendeleza. Toleo la tatu lilikuwa hibridi. Na kuko waliokwenda mbele zaidi. Wenye Dungeons & Dragons, mchezo mkubwa kuliko yote wa aina hii, walifungua kanuni zao za msingi kwa leseni huria mwaka 2000, na watu wengi wakajenga michezo yao juu yake. Mwanzo wa 2023 kampuni ikajaribu kuibana ile leseni. Wachezaji wakapiga kelele dunia nzima, na mwezi uleule wa kwanza kampuni ikarudi nyuma, ikaziweka kanuni hizo chini ya Creative Commons, ambayo haiwezi kunyang'anywa tena. Ile ni mbegu iliyoingia ghalani kwa wakulima.

Afrika Mashariki iko na mfano wake pia, hata kama ni wa vitabu. Heinemann ya London ilianza African Writers Series mwaka 1962, na Achebe akiwa mshauri wake wa kwanza. Mwaka 2003 wakaacha kutoa vitabu vipya. Lakini Nairobi, Henry Chakava na wenzake walikuwa wamekwisha kulinunua tawi la Kenya na kuligeuza East African Educational Publishers mwaka 1992. London ilipochoka, vitabu vya Ngũgĩ viliendelea kuchapwa Nairobi. Hawakungoja huruma. Walinunua shamba kabla mwenye nalo hajahama.

Na sisi? Mwezi wa kwanza 2025 kila mtu wa Goma anaukumbuka kwa sababu yake mwenyewe. Vita viliingia mjini, mabenki yakafunga, na wiki hiyohiyo Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje. Kufika mwezi wa tatu wakatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Tuliongea mingi juu ya dawa na chakula, na ilikuwa haki. Lakini kuko vitu vidogo vilivyokufa bila matanga.

Nilishiriki zamani kwenye mradi mmoja, ONG yake sitaitaja, uliokuwa na mchezo wa nafasi juu ya ugomvi wa mashamba na malisho. Kadi, ramani ya kijiji cha kubuni, vijiti vya kuonyesha ng'ombe. Wakulima na wafugaji walikuwa wanabadilishana nafasi: mufugaji anakuwa mulimaji, anaona mahindi yake yanakanyagwa. Nimeona wazee wakicheka mpaka machozi, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kuongea mambo ambayo hawakuwa wameongea kwa miaka. Ilifanya kazi. Mradi ulipoisha, masanduku yote yalikusanywa juu yalikuwa kwenye orodha ya vifaa, na namba zimebandikwa. Mwongozo ulikuwa kwa Kifaransa, mwenye nao alikuwa mwezeshaji peke yake. Kijijini hakukubaki hata karatasi moja. Na kusema kweli, ng'ombe wangeweza kuwa punje za mahindi, ramani ingechorwa chini kwa kijiti.

Linganisheni na igisoro. Mashimo 32, kete 64, hata juu ya udongo unaweza kuchimba. Hakuna kampuni, hakuna leseni, hakuna mfadhili. Milki zimepita, serikali zimepita, na bado wazee wanabishana mtu amehesabu vibaya. Hakuna mtu wa kutangaza kwamba igisoro imefungwa, juu hakuna ofisi ya kufunga.

Sisemi kila kitu kiwe cha bure. Mwandishi wa mchezo naye anakula, na bila Black Industries kulipa watu wenye kipaji, Dark Heresy isingetoka. Ninasema kitu kidogo zaidi, na sisi wenye tunafanya kazi kwenye miradi tuko na uwezo wa kukifanya. Unapoandika mwongozo wa shamba la mafunzo, mchezo wa mafunzo ao hata maigizo ya radio, tia mstari mmoja kwenye mkataba: kanuni zinabaki kwa kijiji, kwa Kiswahili, kwa ruhusa ya kunakili. Funza watu watatu kuongoza, si mmoja. Tumia vifaa vinavyopatikana pale. Mfadhili akikataa mstari huo, basi umekwisha kujua ni mbegu ya aina gani anakuletea.

Wachezaji wa Uingereza waliokolewa na leseni mpya, wakaiona inaisha, wakangoja nyingine. Leo kampuni iitwayo Cubicle 7 ndiyo inachapisha toleo la nne la mkamata panya wetu, tangu 2018. Wao wanaweza kungoja, soko lao ni kubwa. Kule milimani hakuna anayekuja kununua leseni ya mchezo wa ng'ombe na mahindi. Kama hatuachi mbegu, hakuna msimu wa pili.